Tabaka Kabla ya Mchemraba: Historia ya Kizio cha Ujazo wa Mche Mstatili

1.0 Utangulizi

Katika vitabu vya hisabati vya shule ya msingi, ujazo wa mche mstatili huingizwa kwa namna inayojulikana na karibu kila aliyepita darasani. Mwanafunzi huonyeshwa mchoro wa boksi lililojazwa vichemraba vyenye sentimita moja kila upande, huelekezwa avihesabu, kisha katika ukurasa huohuo au unaofuata hupewa kanuni: urefu mara upana mara kimo. Mpangilio huo unabeba dai la kihistoria ambalo halitamkwi waziwazi, yaani kwamba binadamu walianza kwa kuhesabu vichemraba, na kwamba kanuni ni ufupisho wa hesabu hiyo. Makala haya yanalipinga dai hilo. Maandishi ya kale yaliyobaki yanaonyesha kwamba kuzidisha vipimo vitatu kulifanyika kwa karne nyingi bila mchemraba kuwa kizio, na kwamba kizio cha awali kilichokuwa na umbo dhahiri kilikuwa bapa, yaani tabaka. Mchemraba mdogo uliingia baadaye kama chombo cha kuthibitishia, na baadaye zaidi kama chombo cha kufundishia.

Tofauti hiyo ina uzito nje ya historia pia. Ikiwa mchemraba ndio mwanzo, mtoto anayekosea kuhesabu vichemraba ameshindwa hatua iliyo rahisi kuliko zote. Ikiwa tabaka ndilo mwanzo, mtoto huyo amedaiwa hatua ambayo makarani wa Babeli wenyewe hawakuianzia.

2.0 Kujaza na kukata

Kiswahili chenyewe kinahifadhi tofauti ambayo hoja hii inaihitaji. Neno ujazo limetokana na kitenzi -jaa kwa kupitia -jaza. Maana yake ya msingi ni kiasi kinachokijaza chombo. Kibaba, kipimo cha nafaka cha pwani ambacho vinne vyake hufanya pishi moja, ni chombo cha kujazwa. Mwuza mchele hakuhitaji kujua kipenyo cha kibaba chake ili biashara iende, na methali ya haba na haba inazungumzia ujazo wa aina hiyo. Kwa upande mwingine, neno mche, linalotumika katika istilahi ya jiometri kwa umbo lenye vitako viwili vinavyolingana, hujulikana zaidi mitaani katika mche wa sabuni, ambao mwenye duka huukata vipande vipande kwa kisu. Kibaba hujazwa, mche hukatwa. Ujazo wa mche mstatili ulipata kizio chake pale njia hizi mbili zilipokutana, na mkutano huo ulichelewa sana.

3.0 Babeli ya Kale: kizio kilicho bapa

Ushahidi ulio tajiri kuliko mwingine unatoka kusini mwa Iraki ya leo, katika shule za makarani za kipindi cha Babeli ya Kale, takriban 2000 hadi 1600 K.K. Makarani hao walipima urefu na upana wa mashamba na mifereji kwa ninda, kipimo cha karibu mita 6. Kimo na kina walivipima kwa dhiraa, na dhiraa 12 zilifanya ninda moja. Eneo lilihesabiwa kwa sar, yaani mraba wenye ninda moja kila upande.

Ajabu iko katika kizio cha ujazo. Nacho pia kiliitwa sar, na maana yake ilikuwa sar moja ya eneo yenye unene wa dhiraa moja. Kwa vipimo vya leo ni bapa la mita 6 kwa mita 6 lenye unene wa nusu mita, yaani takriban mita za ujazo 18. Ndani yake zingeenea dhiraa za ujazo 144, lakini mchemraba wa dhiraa moja haukuwa kizio cha mfumo huo. Mtu aliyefundishwa kwa vichemraba anaweza kuuona mpangilio huu kuwa na kasoro, kwa kuwa pande mbili za kizio zina ninda na upande wa tatu una dhiraa. Kwa msimamizi wa kazi ya kuchimba mfereji, kasoro haipo. Ardhi huchimbwa kwa matabaka. Eneo la juu limekwisha kupimwa na kuandikwa. Swali linalobaki ni mara ngapi tabaka la dhiraa moja litaondolewa.

Kibao cha udongo YBC 4663, kilichomo katika mkusanyiko wa Chuo Kikuu cha Yale na kuchapishwa na Neugebauer na Sachs mwaka 1945, kinaonyesha jambo hilo likitendeka. Tatizo la kwanza linahusu handaki lenye urefu wa ninda 5, upana wa ninda 1½ na kina cha nusu ninda. Kazi ya mtu mmoja kwa siku ni gin 10 za udongo, na ujira wake ni punje 6 za fedha. Linaulizwa eneo la kitako, ujazo, idadi ya wafanyakazi na jumla ya fedha. Karani anazidisha urefu kwa upana na kupata 7½. Kisha anazidisha kwa kina na kupata 45.

Jibu la 45 linastahili kutazamwa kwa makini. Kina kimetajwa kuwa nusu ninda, na nusu ya 7½ ni 3¾, si 45. Karani amekigeuza kina kuwa dhiraa 6, ndipo akazidisha. Hakuzidisha vipimo vitatu vya aina moja kama kanuni ya shuleni inavyodai. Alichukua kitako cha sar 7½ na kukirudia mara sita, tabaka juu ya tabaka, na jina la kizio likabaki lilelile: sar 7½ za eneo zimekuwa sar 45 za ujazo. Kinachofuata ni mahesabu ya malipo. Gin ni sehemu ya 60 ya sar, hivyo gin 10 ni sudusi ya sar, karibu mita za ujazo 3 za udongo kwa siku moja. Sar 45 zinahitaji siku za kazi 270. Kwa punje 6 kila siku, jumla ni punje 1,620, na kwa kuwa punje 180 hufanya shekeli moja, fedha inayotakiwa ni shekeli 9. Kosa la kuacha kina katika ninda lingepunguza malipo hadi sehemu ya 12 ya haki. Kwa hiyo hesabu ya tabaka haikuwa mchezo wa shule, hata kama mfano wenyewe ulitungwa kwa ajili ya shule.

Mtu angetarajia kwamba katika nchi iliyojengwa kwa matofali, angalau tofali lingekuwa kijenzi cha kuhesabia ujazo. Lilihesabiwa kweli, ila kwa njia ya pembeni. Sar ya matofali ilikuwa matofali 720 bila kujali ukubwa wake, na karani alitumia namba maalumu kwa kila aina ya tofali ili kutoka kwenye ujazo wa ukuta hadi kwenye idadi. Robson (1999) ameziorodhesha na kuzichambua namba hizo. Mwelekeo wake ndio unaohusu makala haya: ujazo ulipatikana kwanza kwa matabaka, na hesabu ya vipande ilitolewa ndani yake. Ni kinyume kabisa cha mpangilio wa kitabu cha darasa.

4.0 Misri: ghala na gunia

Mafunjo ya Rhind, yaliyonakiliwa na karani Ahmose takriban mwaka 1550 K.K. na sasa yamo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, yana matatizo matatu kuhusu ghala la mstatili. Tatizo la 44 linatoa ghala la dhiraa 10 kwa 10 kwa 10. Karani anazidisha na kupata 1,000, anaongeza nusu yake, na kupata 1,500, ambayo ni idadi ya khar, kipimo cha nafaka ambacho jina lake ni lile la gunia. Kisha anaigawa kwa 20 ili apate kipimo kikubwa zaidi cha ghala. Namba 1,000 ni njia ya kupitia tu. Kinachotafutwa ni nafaka ijazayo vyombo, na ile nyongeza ya nusu ndilo daraja kati ya umbo linalopimwa kwa dhiraa na gunia linalojazwa.

Tatizo la 46 linakwenda kinyume: kiasi cha nafaka kinajulikana, vipimo vya ghala vinatafutwa. Jibu ni dhiraa 10 kwa 10 kwa 3⅓. Sehemu hiyo ya theluthi inapita bila maelezo yoyote, na inafaa isimamishwe. Mwenye kulijenga ghala hilo kwa vichemraba vya dhiraa moja atafanya tabaka tatu za vichemraba 100, kisha atalazimika kukata vichemraba 100 vingine, kila kimoja kwa theluthi. Mwenye kufikiri kwa matabaka anakata tabaka moja tu. Pengine ndiyo sababu karani hakuona ugumu ambao mwanafunzi wa leo huuona mara tu upande mmoja unapokuwa na sehemu.

5.0 Wagiriki na jambo lisilokatika

Ugumu mkubwa zaidi uligunduliwa na Wagiriki: zipo pande ambazo haziwezi kupimwa zote kwa kipimo kimoja, hata kikipunguzwa kiasi gani. Ulalo wa mraba na upande wake ndio mfano mashuhuri. Mche wenye pande za namna hiyo hauwezi kujazwa kikamilifu na vichemraba vya ukubwa wowote. Euclid, takriban mwaka 300 K.K., alilikwepa tatizo hili kwa kutotoa kanuni ya ujazo kabisa. Kitabu cha XI cha Misingi kinathibitisha kwamba miche sambamba yenye kimo sawa huwiana kama vitako vyake, na hapo mlinganisho unakuwa wa mche kwa mche bila kizio. Hesabu ya namba tatu kuzidishwa ameiweka mbali, katika Kitabu cha VII, ambako namba inayotokana na kuzidisha namba tatu inaitwa namba ya umbo-mango. Utengano huo ulikuwa wa makusudi. Wasomi wengi wanausifu kwa ukali wake wa kimantiki, na sifa hiyo ni ya haki, lakini ni vigumu kuona jinsi mjenzi wa ghala angefaidika nao.

6.0 Kete za Liu Hui

Mchemraba mdogo kama kitu cha kushikwa mkononi unajitokeza kwa uwazi nchini China. Sura Tisa za Sanaa ya Hesabu, kitabu kilichokusanywa katika enzi ya Han, kina sura ya tano inayohusu kazi za ujenzi: kuta, mitaro, maboma na maghala. Humo yumo mche wenye kitako cha mraba, upande wa kitako ukiwa chi 16 na kimo chi 15. Maelekezo ni kuzidisha upande kwa wenyewe, kisha kwa kimo, na jibu ni chi 3,840. Neno chi linatumika kwa urefu, kwa eneo na kwa ujazo bila kubadilika, jambo ambalo msomaji wa kibao cha Yale atalikumbuka.

Hata katika maandishi haya tabaka limeacha alama yake. Kitabu hicho kinasema kwamba kipimo kimoja cha hu cha mtama usiokobolewa kina ujazo wa chi 2 na cun 7. Cun ni sehemu ya kumi ya chi. Kama cun hiyo ingekuwa mchemraba, chi moja ya ujazo ingekuwa na cun 1,000, na kiasi kinachotajwa kingekuwa 2.007. Kinachokusudiwa ni 2.7. Cun ya ujazo hapa ni bapa lenye kitako cha chi moja ya mraba na unene wa cun moja. Takriban miaka elfu moja na mia tano baada ya makarani wa Babeli, na mbali nao, kizio kidogo cha ujazo bado kilikuwa tabaka.

Liu Hui, aliyeandika ufafanuzi wa kitabu hicho mwaka 263 B.K., ndiye anayegeuza mambo. Kanuni zilikuwepo, yeye alitaka sababu. Alitumia vijenzi ambavyo aliviita kwa neno la kete za mchezo, vyote vikiwa na chi moja kwa upande: mchemraba, kabari inayopatikana kwa kuukata mchemraba kwa mshazari, na piramidi mbili zinazopatikana kwa kuikata kabari. Ili kueleza ujazo wa piramidi iliyokatwa kilele, anachukua mfano wenye upande wa juu wa chi 1, upande wa chini wa chi 3 na kimo cha chi 1. Umbo hilo lina mchemraba 1 katikati, kabari 4 pembeni na piramidi 4 kwenye pembe. Kwa kuwa kabari ni nusu ya mchemraba na piramidi ya pembeni ni theluthi yake, jumla ni 1 na 2 na 1⅓, yaani 4⅓, sawasawa na kanuni.

Kinachompa Liu Hui nafasi ya pekee katika historia hii ni kwamba alijua kete zake zinaishia wapi. Mchemraba unaweza kukatwa kuwa piramidi tatu zinazofanana, na macho yanatosha kuthibitisha theluthi. Urefu, upana na kimo vikitofautiana, vipande vitatu havifanani tena, na kuvipanga mezani hakuthibitishi chochote. Hapo akaweka kete kando. Alikata kila upande katikati, akaonyesha kwamba uwiano unaotafutwa umethibitika kwa robo tatu ya umbo, akabakiwa na robo moja yenye sura ileile ndogo zaidi, akairudia hoja hiyo pasipo kikomo. Wagner (1979) ameifafanua hatua hiyo kwa kina. Kwa Liu Hui, basi, mchemraba mdogo ni shahidi, na ushahidi wake una mipaka aliyoitaja mwenyewe.

7.0 Lita

Sheria ya Ufaransa ya tarehe 7 Aprili 1795 ndiyo iliyounganisha rasmi kujaza na kukata. Lita ilitajwa kuwa ujazo wa mchemraba wenye sehemu ya kumi ya mita kila upande. Kipimo cha kuni, stère, kikawa mita moja ya ujazo. Gramu ikawa uzito wa maji yanayojaza mchemraba wa sehemu ya mia ya mita. Tangu hapo chombo cha mwuza maziwa na boksi la mpima mbao vilizungumza lugha moja, ingawa si bila mtafaruku. Mwaka 1901 Mkutano Mkuu wa Vipimo uliifafanua lita upya kuwa ujazo wa kilo moja ya maji safi, na kwa kuwa kilo ya mfano haikulingana kikamilifu na mchemraba wake wa maji, lita ikawa kubwa kuliko desimita ya ujazo kwa sehemu 28 hivi katika milioni. Mkutano wa mwaka 1964 uliirudisha lita kwenye mchemraba. Kwa zaidi ya miaka 60, kibaba cha kisayansi na mchemraba wa kisayansi vilikuwa vitu viwili tofauti.

8.0 Mchemraba mikononi mwa mtoto

Friedrich Froebel (1782–1852) alifanya kazi katika jumba la madini mjini Berlin chini ya Christian Samuel Weiss, mtaalamu wa fuwele, kabla ya kujulikana kwa shule ya watoto wadogo aliyoianzisha Bad Blankenburg mwaka 1837. Miongoni mwa vifaa alivyoviita zawadi, ya tatu ni mchemraba wa mbao uliokatwa mara moja kila upande ukawa vichemraba 8. Ya tano imekatwa mara mbili kila upande ikawa 27, baadhi yake vikikatwa tena kwa mshazari. Zawadi hizo zilitolewa kwenye sanduku zikiwa zima, ili mtoto aone umbo kamili kwanza na vipande baadaye. Shule zilizorithi vichemraba vya Froebel zilihifadhi vipande na kusahau mpangilio huo. Vichemraba vikaanza kutolewa vimetawanyika, vikisubiri kuhesabiwa.

Piaget, Inhelder na Szeminska walichapisha mwaka 1948 utafiti ambao ndani yake mtoto alionyeshwa jengo lenye kitako cha vichemraba 3 kwa 3 na kimo cha 4. Alitakiwa ajenge jingine lenye nafasi sawa juu ya kisiwa kidogo zaidi, kwa mfano cha 2 kwa 3 au 1 kwa 2. Jawabu la kwanza ni ghorofa 6, la pili ni ghorofa 18. Watoto wadogo walikwama kwenye kimo: walijenga hadi jengo jipya lilingane na la zamani, wakaacha hapo. Kitendawili hicho kinatatuliwa kwa kujua kila ghorofa ina vyumba vingapi na kuuliza ghorofa ngapi zinahitajika, swali lilelile la karani wa YBC 4663.

Battista na Clements (1996) waliwachunguza wanafunzi wa Marekani wa darasa la tatu na la tano na kukuta kwamba wengi wa wadogo waliliona boksi la vichemraba kama mkusanyiko wa nyuso, wakihesabu kichemraba cha pembeni zaidi ya mara moja, huku waliofanikiwa zaidi wakipanga kwa matabaka. Ugunduzi huo unaeleweka vizuri kwa mfano mmoja. Boksi la vichemraba 4 kwa 3 kwa 2 lina vichemraba 24. Likichorwa kwa namna ya kawaida, nyuso tatu zinaonekana, zenye miraba 12, 8 na 6, jumla 26. Vichemraba vinavyoonekana angalau uso mmoja ni 18, na vilivyofichika ni 6. Mwanafunzi anayejibu 18 amehesabu anachokiona, na kosa lake ni kutokuhesabu kilicho ndani. Anahitaji kuonyeshwa kwamba tabaka la chini lina vichemraba 12 kama la juu. Anayejibu 52 amezunguka boksi zima akihesabu miraba ya nyuso zote sita. Anayejibu 26 yuko karibu na 24 kiasi kwamba msahihishaji mwenye haraka hulichukua kuwa kosa dogo la kujumlisha, akamrudishia daftari bila kugundua kwamba alichohesabu mtoto huyo ni nyuso.